Kiti cha Mtu wa Ng'ambo

Jumapili, 9 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na lile begi lako lenye zipu mbovu halikufunguka tena pale darajani mpakani.

Nakuandikia kwa lugha yenu, ile Baba aliyonifundisha mezani na walimu wakaja kuipiga pasi baadaye. Ukikuta makosa nivumilie. Kwa mdomo nisingeweza. Umejionea mwenyewe: siku zote ulizokaa kwetu nilikujibu "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba". Hapa kwenye karakana ya kushona ya Babu wananiita Kobe, maana mtu akinitazama tu shingo inaingia ndani. Lakini nikishika kalamu sikomi, kwa hiyo kaa vizuri.

Ulisema unaondoka Jumapili, ukaondoka Jumamosi asubuhi. Mama anadhani ni kitanda. Babu anadhani ni chai yake, na amekasirika kidogo. Mimi najua ni mimi.

Unakumbuka Ijumaa, yule mama wa posta alipoleta gauni lake, mfuko unaning'inia kama sikio la mbwa? Babu akauliza, "Nani ameshona huu?" Mafundi wote wakainamia cherehani. Mimi, ambaye sijawahi kufungua mdomo mbele ya mteja, nikasema, "Si mtu wa ng'ambo huyo, Babu?" Wakaangua kicheko. Mama wa posta alicheka mpaka akaegemea meza ya kukatia. Shangazi, sijawahi kuchekesha watu maishani mwangu. Nilisikia joto masikioni, raha tupu. Kisha nikakuona, umekaa na pini mdomoni, humtazami mtu.

Sikusahau kwamba upo. Nilisahau kwamba ng'ambo ndiyo kwenu.

Ngoja nikueleze, ingawa najua kueleza si kuomba radhi. Kwetu karakanani kitu kikiharibika hatumtaji aliyeharibu. Mkasi ukipotea, kola ikikaa upande, pasi ikiunguza bitana, ni mtu wa ng'ambo. Mafundi wanne wanakaa chumba kimoja mwaka mzima bila kukunjana mashati kwa sababu yeye amebeba lawama zote. Mama anasema kabla ya vita aliyezibeba alikuwa paka. Vita vilipoanza paka akasamehewa. Vita viliisha nikiwa na miaka minne, ila paka hakurudishwa kazini. Mtaani ni hivyo hivyo: chai iliyopoa ni chai ya ng'ambo, ahadi ya uongo ni ahadi ya ng'ambo, upele nao tumewapa nyinyi. Hata Baba, aliyezaliwa huko, alikuwa anaitikia. Akikosea kweli aliinua mkono juu na kusema, "Leo mmepatia." Watu walicheka, mimi pia.

La pili. Kile kigoda cha dirishani ulichokalia siku zote tatu kinaitwa kiti cha mtu wa ng'ambo. Nguo zilizoharibika huwekwa pale. Ulipoingia hapakuwa na kiti kingine, nikaziondoa nikakupa. Mafundi waliangaliana. Niliona, nikanyamaza.

La tatu ndilo baya zaidi. Ule mfuko niliushona mimi.

Shule yetu ya lugha mbili inaishia darasa langu, na madarasa ya juu yapo huko kwenu tu. Ulikuja kutazama kama naweza kukaa kwako nisome. Tangu Baba afariki, miaka miwili sasa, sina mtu wa kuongea naye lugha hii nje ya darasa, na naogopa itanitoka kidogo kidogo. Uandikishaji unafungwa tarehe 6 Januari. Uliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Kama ni hapana kwa sababu ya ulimi wangu, niandikie hivyo hivyo. Nitaelewa.

Wako,
Kobe

*

21 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika, na begi lilifunguka. Askari wa darajani aliniokotea soksi moja moja kwa heshima zote.

Acha kujitesa. Niliondoka mapema kwa sababu ya kazi: sare za wauguzi arobaini na mbili, na msichana wangu wa kushona vifungo alikuwa anaumwa. Kitanda kilikuwa kizuri. Chai ya babu yako haina neno, mwambie. Kigoda nacho kilinifaa, kilikuwa na mwanga kuliko viti vyenu vyote. Kuhusu mfuko, kila mtu amewahi kushona mfuko mbaya.

Kuhusu shule, nimeulizia. Nasikia nafasi zimejaa. Labda mwaka ujao, tutaona. Nyumba yangu nayo ni ndogo na kelele za mtaa wetu ni nyingi, usingesoma vizuri.

Nisalimie mama yako. Lugha yako ni safi, makosa mawili tu, na yote aliyafanya baba yako pia.

Shangazi yako

*

Jumatano, 2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali uliponikasirikia, sijapaona.

Nimemwambia Babu kuhusu mfuko. Nilisubiri mafundi waende kula, nikasimama karibu na meza ya kukatia, nikasema yote huku nikitazama futi ya kupimia. Babu hakuacha kukata. Alipofika mwisho wa kitambaa akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoushika. Mshono wako unavuta kushoto. Hapa ndani mshono wa kila mtu naujua kama sura yake."

"Sasa mbona ulicheka?"

Akapuliza chaki kwenye vidole. "Kwa sababu ulisema," akajibu. "Sauti yako nilikuwa sijaisikia humu ndani mwaka mzima." Kisha akaniuliza, "Na yule mgeni, alikuwa anasikia lugha yetu?"

Nikamwambia, "Babu, kama mimi nasikia yake, yeye atakosaje kusikia yetu? Kaka yake aliishi huku."

Akarudi kwenye mkasi wake. Lakini jana nimekuta nguo mbovu zote zimehamishiwa kwenye kapu, na juu ya kigoda kuna mto wa kitambaa cha bluu. Hakuna aliyekiri kuushona. Fundi mmoja, yule mnene, alijaribu kukaa, Babu akamtazama tu, akainuka.

Sasa kuna jambo naogopa kuliandika, na ningekuwa mbele yako lisingetoka kabisa. Mwalimu wangu amepata barua kutoka shule ya huko. Nafasi kumi na moja bado ziko wazi. Ameniuliza mbona sijatuma jina. Nikamjibu bado tunazungumza nyumbani, naye akanitazama kwa huruma.

Shangazi, mimi ni mtoto na sina haki ya kukuuliza hivi. Lakini unanidanganya? Kama hunitaki, sema hunitaki. Nimezoea kukaa kimya, ila kimya cha mtu mwingine sijui nikifanyeje.

Baridi imeanza. Navaa koti Baba alilonishonea mwezi mmoja kabla hajalazwa. Mikono imenipanda, pindo limekimbilia mapajani. Fundi wa vifungo alitaka kulifumua aliongeze, Babu akamzuia. Anasema hawezi kuweka mkasi kwenye mshono wa Baba. Kwa hiyo natembea nalo lilivyo, kama nimeazima kwa mdogo wangu.

Nisamehe.
Kobe

*

20 Novemba

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Ya kwanza ilikuwa imejaa uongo mzuri zaidi ya ule wa mwanzo.

Nafasi zipo. Nyumba yangu ina chumba cha nyuma ambacho nilikipaka rangi mwezi Septemba, kabla sijaja kwenu. Nilichagua rangi nikiwa sijui unapenda nini.

Sasa sikiliza.

Baba yako alivuka daraja kumfuata mama yako miezi sita kabla ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilipoanza, tukawa nyumba yenye mtoto kwa adui. Hakuna aliyetupiga. Watu waliacha tu kuleta nguo. Asubuhi tulifungua mlango, tukafuta cherehani, tukakaa. Baba yetu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa kilekile ili mikono isikae bure. Majirani walipita wakitazama upande wa pili wa barabara.

Siku moja akaingia mke wa ofisa mmoja, na askari wawili, na koti la mumewe mkono umechanika begani. Kabla ya vita koti hilo lilishonwa kwetu. Akalitupa mezani. "Hii ndiyo kazi yenu?" Baba alilitazama bila kuligusa. Nilikuwa nimekaa pembeni na pini mdomoni. Mimi nilikuwa kama wewe, usinione hivi. Nilikuwa sisemi na wateja. Nikatoa pini, nikasema, "Samahani, mama. Huo ni mshono wa ———."

Jina la kaka yangu. Naliachia nafasi. Nimejaribu kuliandika kalamu ikakataa.

Ulikuwa kweli mshono wake. Alikuwa na tabia hiyo, mwishoni mwa mshono hafungi uzi sawasawa, na Baba alimgombeza kwa hilo miaka yote. Lakini sikusema kwa sababu ilikuwa kweli. Nilisema ili tuonekane hatuko upande wake. Yule mama akatulia kidogo, kisha akacheka. Askari wakacheka. Wiki iliyofuata wakaleta sare ishirini. Baba hakunisemesha siku mbili, halafu siku ya tatu, mteja mwingine alipolalamika, yeye mwenyewe akasema maneno yaleyale. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Tulishona sare za askari miaka yote ya vita. Jina lake likaondoka nazo, likawa neno la kazi mbovu. Kambini likawa utani wa askari, likarudi nao masokoni, likaingia majumbani. Leo mlango usiofunga vizuri unaitwa kwa jina lake. Mvua ikikatika kabla ya kulowesha, ni hivyo. Mtu akikuahidi asifike, amekufanyia hivyo. Vijana wanaolisema hawajui kama aliwahi kuwa mtu. Watoto wa shule unayotaka kuja ndio wanaolisema zaidi ya wote, kutwa nzima, chini ya dirisha langu. Hizo ndizo kelele za mtaa nilizokuambia.

Ijumaa ile ulipowachekesha watu, sikukukasirikia, mwanangu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile, hadi ladha ya pini. Ndipo nikaona ninachokifanya: namleta binti yake aje akae mahali ambapo jina la baba yake ni takataka, na aliyelifanya hivyo ni mimi. Nikafunga begi.

Sijakukataa wewe. Nilitaka usijue. Sasa unajua, na uamuzi si wangu tena. Usipojibu sitauliza.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 12 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Wiki ya kwanza nilikasirika, na nilikuwa sijui kukasirika kwa barua kunafanywaje, nikaona bora ninyamaze, hicho nakijua.

Nilitaka kuificha barua yako Mama asiione. Lakini Mama ana macho ya fundi. Aliniona napika na kuunguza, nafua na kusahau nguo kwenye maji, akaniambia, "Lete hiyo karatasi." Hajui kusoma lugha yenu, kwa hiyo ilibidi nimsomee, natafsiri mstari kwa mstari. Nilipofika pale ulipoacha nafasi, nikasimama. Mama akalitaja mwenyewe. Kwanza kama jina la mumewe, kisha kama neno lenu lile, vilevile mnavyolitamka huko.

Nikamuuliza, "Unalijua?"

Akasema, "Nalijua. Na baba yako alilijua."

Nakuandikia alivyonieleza, maana naona hukuwahi kuambiwa. Miaka mitatu iliyopita daraja lilipofunguliwa kwa malori tu, watu na barua bado, dereva mmoja wa kwenu alileta majora ya kitambaa karakanani. Akaona suruali mezani imeachia pindo. Akasema kwa lugha yenu, peke yake, kama mtu anavyosema anapoona kitu kibovu, "Hii nayo ni ———." Hakujua kuna anayemsikia. Baba alikuwa mbele yake.

Mama anasema Baba alimwomba arudie. Dereva akaona haya, akasema ni neno tu la huko, la mshono mbaya. Baba akauliza, "Mbaya vipi? Uliopinda? Uliokatika?" Dereva akasema, "Hapana, ule usiofungwa mwishoni."

Shangazi, vita vyote na miaka yote baada yake Baba hakuwa na habari ya mtu yeyote wa kwenu. Hakujua nani amebaki. Alirudi nyumbani siku hiyo mapema, Mama akadhani anaumwa. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akamwambia, "Dada yuko hai. Habari ya uzi wangu tuliijua sisi wa nyumbani tu. Baba asingelisema hilo wa kwanza, ana aibu. Ni dada tu. Na mtaa bado upo, na watu wanaleta nguo." Alimwomba dereva akuletee salamu, dereva akakataa, walikuwa wanapekuliwa hadi viatu. Baada ya hapo, Mama anasema, kila lori likija Baba alitoka nje kusimama karibu, eti anasaidia kupakua, kumbe anasubiri mtu akosee kitu alisikie tena.

Niliposikia hivyo nilikwenda kukaa kwenye kigoda cha dirishani, juu ya ule mto. Mafundi wakanitazama, Babu akaniacha nikae.

Hasira yangu haijaisha yote. Nakuambia ukweli kwa sababu nawe umeniambia. Nikiwasikia hao watoto chini ya dirisha sijui nitafanyaje. Pengine nitaingiza shingo, kama kawaida. Lakini nimewaza: miaka yote ya utoto wangu nilisema "mtu wa ng'ambo" mbele ya Baba, na yeye aliendelea kunikatia mkate. Sina kiburi cha kukunyima wewe mkate.

Nataka kuja. Chumba kina rangi gani?

Kobe

*

18 Desemba

Mwanangu,

Kijani. Kama hukipendi tutakipaka tena pamoja.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimemfukuza msichana wa vifungo aende nyumbani mapema ili niisome kwa sauti.

Njoo. Njoo na hilo koti.

Shangazi yako

*

Jumamosi, 7 Januari

Babu,

Shikamoo. Hii nakuandikia kwa lugha yetu, na nimeona ajabu, baada ya wiki moja tu huku mkono unataka kukimbilia ile nyingine.

Nimefika vizuri. Mwambie Mama nakula. Mwambie fundi mnene kwamba cherehani za Shangazi ni za kukanyaga kama zetu, na moja inapiga kelele kama anavyokohoa yeye. Karakana yao ina dirisha moja, na huku aliyepoteza mkasi anatafutwa kwa jina lake, kwa hiyo kelele ni nyingi. Nimewaambia kuhusu paka. Wanafikiria.

Uandikishaji ulikuwa jana, siku ya mwisho, kwa sababu Shangazi alikuwa anasema kila siku "kesho", mpaka kesho zikaisha. Tulikaa kwenye benchi na wazazi wengine na watoto wao. Karani alikuwa mtu mpole mwenye miwani, anauliza na kuandika bila kuinua kichwa. Jina lako. Umri. Umetoka wapi. Nikajibu, na sauti ilitoka, Babu, ungeisikia.

Kisha akauliza, "Jina la baba?"

Nikalisema.

Kalamu ikasimama. Akainua kichwa. "Binti, nimekuuliza jina la baba yako, sikukuuliza kazi yake ilivyokuwa."

Benchi zima likacheka. Si kwa ubaya, walicheka kama sisi tulivyokuwa tunacheka. Mvulana mmoja alilirudia lile neno polepole, kama anaonja kitu. Nilisikia shingo inaingia. Iliingia kabisa, ila mdomo ulikuwa umebaki nje, nikasema, "Ndilo jina lake. Aliishi nalo miaka thelathini na tisa."

Karani akavua miwani. Hakutania tena. "Nani alimpa mtoto jina kama hilo?" akauliza, na nadhani aliuliza kweli.

Shangazi alikuwa amekaa anatazama sakafu. Akasimama. Begi lake likafunguka, vitu vikaanguka, hakuviokota. "Mama yangu alimpa," akasema. "Ni kaka yangu." Halafu akalitaja jina, Babu. Hakulitaja kama watu wa huku. Alilivuta mwishoni, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula. Mimi ndivyo nilivyozoea kulisikia kwa Mama. "Andika," akamwambia karani.

Akaandika. Nafasi ya fomu ilikuwa fupi, herufi za mwisho zikaingia kwenye mstari wa chini.

Tulipotoka, mvulana yule aliniokotea sega la Shangazi lililobaki chini ya benchi.

Mchana Shangazi akaniambia nivue koti. Nikamweleza kwamba wewe hukutaka mtu aliguse. Akalilaza mezani, akaligeuza ndani nje, akalipapasa pindo lote kwa kidole gumba mpaka akapata mahali. "Mjinga huyu," akasema, "bado hafungi." Hakuchukua mkasi. Alivuta uzi kwa kucha, Babu, mara moja tu, na pindo lote likashuka lenyewe kutoka upande huu hadi ule, bila kuacha tundu. Ndani kulikuwa na kitambaa cha upana wa shibiri nzima, rangi bado mpya. Mikononi hivyo hivyo. Baba alikuwa amenikunjia miaka ndani.

Shangazi alikaa nalo mapajani muda mrefu. Kisha akalipiga pasi, akanipimia, akabakiza mkunjo kidogo ndani, akalishona upya. Limenifika magotini. Alipofika mwisho wa mshono akasimamisha cherehani, akaniuliza afunge uzi au aache.

Nikamwambia aache. Mwalimu anasema bado nitarefuka.

Mjukuu wako,
Kobe